Vita vya Lambo Vilivyokosa Watazamaji

Spika ya kwanza niliyoibeba ilikuwa nzito kuliko mdogo wangu Doto, na Doto alikuwa mgongoni. Nawaandikia ninyi vijana mnaoshika kazi ya mitambo hapa Bariadi sasa, mnaoendesha spika zenye taa za rangi kwa simu, mkiwa mmekaa kivulini na soda mkononi. Siwaonei wivu. Nataka tu mjue kwamba kabla yenu muziki ulikuwa unabebwa kichwani, na aliyeubeba alikuwa na shingo.

Wazazi wetu walifariki wakifuatana, mama kwanza, baba baadaye kidogo. Mimi Kabula ndiye niliyekuwa mkubwa, niko darasa la tano. Baba zetu wadogo walikuja kutufariji, wakalia vizuri sana, na walipoondoka waliondoka na ng'ombe. Shule nikaiacha hapo. Wadogo zangu walikuwa wanauliza chakula, na mwalimu alikuwa anauliza mito mikubwa ya Afrika. Swali la kwanza ndilo lililokuwa na haraka.

Aliyenipa kazi ni Mzee Shabani, Mwislamu kutoka Kigoma, aliyekuwa na duka la vipuri vya baiskeli pale Somanda. Nyuma ya duka aliweka amplifaya moja, betri ya lori, na spika mbili zenye midomo kama tarumbeta. Alikodisha kwa yeyote: harusi, mkutano wa injili, kampeni, msiba, ngoma. Nilikwenda kuomba kufagia.

"Kufagia nafagia mwenyewe," akasema. "Nataka mtu wa kulinda betri. Nimeshaajiri wanaume watatu. Ngoma ikianza wanaiacha betri wanaenda kucheza. Wewe una mtoto mgongoni, huwezi kucheza."

"Naweza."

"Basi usicheze."

Siku yangu ya kwanza ilikuwa mkutano wa injili. Waya wa betri ulilegea katikati ya mahubiri, na kwa kuwa sikujua jinsi ya kuukaza, niliushikilia kwa vidole mpaka mwisho. Mhubiri aliwaombea wagonjwa wote wa Bariadi. Mimi nilikiombea kidole gumba. Mzee Shabani alikuja jioni, akaangalia, akatoa koleo mfukoni, akakaza. "Hii inaitwa koleo," akasema. "Mungu anasaidia, lakini hakazi waya."

Kwake nilijifunza kila ninachokijua. Kwamba betri isiwekwe juu ya udongo mtupu siku ya mvua. Kwamba spika ikianza kupiga mluzi usikimbilie amplifaya, kamgeuze kwanza msemaji, maana wasemaji wengi hupenda kusimama mbele ya spika ili wajisikie. Alipojaribu maiki hakusema "halo, halo" kama ninyi. Alisoma maelezo ya pakiti ya sabuni, polepole, kwa sauti ya khatibu msikitini, na watu wakasogea kusikiliza namna ya kuloweka nguo nyeupe.

Na alinipa sharti moja. Ilikuwa baada ya mgombea mmoja kuahidi bomba la maji ambalo kila mtu alijua halitakuja, nami nikamwambia Mzee Shabani nilitamani kuzima.

"Usizime," akasema. "Kazi yako ni wasikike. Akisema uongo, na usikike uongo, tena vizuri, mpaka kule kwa wanaochota maji kisimani. Siku ukizima, na wewe umeshagombea."

Sasa niwaambie kuhusu ngoma, maana wengine mmezaliwa mjini na mnadhani ngoma ni vijana wanne wa jukwaani waliovaa nyasi kumpokea mgeni rasmi. Kwetu, pamba ikishauzwa, manju wawili wanakutana uwanja mmoja. Manju ni yule anayetunga na kuongoza nyimbo. Kila mmoja anapanga wachezaji wake kwenye duara, na wote wawili wanaanza kuimba kwa wakati mmoja, bila kusubiriana. Hakuna jaji. Watu wanasimama wanapotaka, na wakichoka wanahamia upande wa pili. Aliyebaki na duara tupu ameshindwa, anabeba ngoma zake anakwenda nyumbani. Ndiyo maana manju lazima amjue mpinzani wake vizuri kuliko mke wa huyo mpinzani anavyomjua. Wimbo wa kumsifu mtu haumhamishi mtazamaji. Wimbo wa kumsema mtu humhamisha akiwa na kiti chake.

Wanatumia na dawa pia, ya kuvuta watu. Mimi sina maneno na dawa ya mtu, ila wakiificha ndani ya spika yangu. Nimetoa mle mizizi, unga mweusi, na mara moja kucha za mnyama nisiyemjua. Kwa ufundi wangu nawaambia: kinachokwaruza ndani ya spika si mizimu.

Vita ninavyotaka kuvisimulia vilitokea Doto akiwa mtu mzima, ana mke na watoto wawili wadogo. Kwa kuwa baba wadogo walikuwa bado wanatufariji na ardhi yetu, alihamia kijiji cha wakwe zake. Sitakitaja. Nitakiita kijiji cha Juu, na jirani yake kijiji cha Chini, maana watu wa pande zote mbili bado wanapita mbele ya nyumba yangu kwenda sokoni na sitaki kubadilisha njia.

Kati ya Juu na Chini kulikuwa na lambo la kunyweshea mifugo. Lambo lenyewe lilikuwa la kuonea huruma. Kiangazi ng'ombe akisimama katikati, magoti yalibaki nje. Lakini mwaka ule mvua zilikata mapema, kila upande ukasema lambo ni lake, na upande wa Juu ukampata mtu wa kulisemea: Malongo, kamanda wa jeshi la jadi la kijiji. Alikuwa mtu mrefu, mwenye koti la baridi hata Oktoba, na alikuwa na sauti. Alisema lambo ni heshima. Maji yakiwa maji watu wanagawana, yakiwa heshima wanauana.

Ofisi moja ya mjini, ambayo jina lake nimelisahau kwa makusudi, ikaleta tamasha la amani. Nilifunga spika mimi. Kwaya iliimba kwamba amani ni nzuri na vita ni vibaya. Hakuna aliyepinga. Hata Malongo aliinuka kwenye kiti cha wageni akacheza, na alicheza vizuri. Hapo ningeshtuka kama ningekuwa na akili ya kutosha. Wimbo wa kupinga vita ukiwa mtamu hata kwa anayevitaka vita, rudini nyumbani, hiyo ni harusi. Mwisho waligawa fulana nyeupe zenye picha ya njiwa, kwa vijana wa Juu na wa Chini, bila upendeleo.

Juma lilelile walipigana lamboni, na pande zote mbili zilivaa fulana zile kwa sababu zilikuwa mpya. Hakuna aliyemjua adui. Watu wa Juu walimpiga fimbo mwenzao wa Juu, na wa Chini wakamwinua wakidhani ni wa kwao. Habari ilipofika Somanda tulicheka mpaka tukashika ukuta. Kisha aliyeileta akamalizia: Ngasa amekufa. Mshale, chini ya yule njiwa. Ngasa alikuwa rafiki wa Doto, kijana wa kuchunga na kuimba, mtoto pekee wa mama yake.

Nilifunga spika kwenye mazishi. Katekista alipomaliza sala, Malongo alichukua maiki.

"Wanaume wa Juu! Ngasa amelala, na mimi nilikuwa nyuma yake. Jumamosi ijayo ni ngoma yetu, tutaicheza kama kawaida. Ikiisha, hakuna kurudi nyumbani. Nitapiga mwano pale pale uwanjani, tutatoka pamoja mpaka Chini. Nani mwanamume?"

Mwano ni ule ukelele wa hatari, na kwetu ukipigwa huulizi, unachukua silaha na kukimbilia unakosikika. Mkono wangu ulikuwa kwenye swichi. Mzee Shabani alikuwa amezeeka, amebaki dukani, lakini nilimsikia kama amesimama nami. Sikuzima. Spika zangu zikauliza mara ya pili, nani mwanamume, na wa kwanza kusimama alikuwa Doto.

Nilimkamata nikikunja nyaya.

"Umesimama kufanya nini?"

"Dada, Ngasa alikuwa rafiki yangu."

"Najua. Na hao wa kwako nyumbani ni nani zako?"

"Unataka nibaki waniite mwoga?"

"Wakuite. Utaitika ukiwa mzima."

"Hayo maneno ya wanawake hayo."

"Ni ya mwanamke, ndiyo. Hata mgongo uliokulea ulikuwa wa mwanamke, sikusikia ukiukataa."

Akaondoka bila kunisaidia betri. Haikuwahi kutokea.

Sasa mtauliza kwa nini Malongo hakuwapeleka vijana siku ileile ya mazishi. Ni kwa sababu alitaka watu wengi, na kwetu watu wengi hawakusanywi kwa mkutano. Mkutano wanakuja wazee na wenye malalamiko. Ngoma wanakuja wote. Na ngoma haiwezi kuwa ngoma bila mpinzani, hata ungekuwa kamanda. Duara moja peke yake ni mazoezi, hakuna atakayetembea kutoka Migato kuja kutazama mazoezi. Basi Malongo akamweka manju wake mwenyewe, kijana aliyejiita Radi, na upande wa pili akakubali aje Mama Ng'washi, mwanamke mnene mwenye pengo na kopo la ugoro. Malongo alidhani amejichagulia mpinzani mwepesi. Hakuwa amemsikiliza. Mama Ng'washi alizaliwa Chini, akaolewa Juu. Vita vile kwake vilikuwa wajomba kuuana na mashemeji.

Siku mbili kabla ya ngoma alikuja dukani, akakaa juu ya gunia.

"Mwadila, mayu," akanisalimia.

"Mwadila."

"Nipe Doto."

"Nikupe Doto vipi?"

"Nipe habari yake ambayo hataki isikike. Nimeshapata za wengine. Wa kwako ni mkaidi, fimbo ndogo haitamtosha."

Nikamwambia habari ya mgongo na betri, na nyingine ya kitandani, ya utotoni, ambayo naibakiza. Akavuta ugoro, akapiga chafya.

"Atakuchukia."

"Akiwa mzima?"

"Mzima kabisa."

"Basi mwimbe."

Jumamosi uwanja ulijaa. Wanaume walikuja na pinde na mikuki, wakaviegemeza kwenye mgunga mmoja kama watu wanaopanga baiskeli. Niliwafungia spika mbili, moja kila duara, maiki moja kila manju. Akaja mtumishi wa Malongo.

"Kamanda anasema spika yake ipande. Ya yule mama ishushe."

"Mwambie Kamanda nimesikia."

Nilikuwa nimesikia kweli. Nikaziacha sawasawa. Na niwaambie vijana, nilitamani kufanya kinyume, nimzimie Radi abaki anafungua mdomo kama samaki. Lakini anayenyimwa sauti anakwenda nyumbani akisema ameshindwa na fundi. Nilitaka ashindwe na maneno yake mwenyewe, yakiwa safi, bila kukwaruza.

Radi alianza kwa nguvu. Sitamnyima haki yake, alikuwa na sauti ya kuvunja kikombe. Aliimba mishale, damu, simba, na lambo ambalo kwenye wimbo wake lilikuwa kubwa kama ziwa. Mbele kabisa walikuwa wamemketisha mama yake Ngasa kwenye kigoda, kama picha ya kutundika. Watu wengi walisimama huko, na Doto alikuwa mstari wa kwanza.

Mama Ng'washi alianza chini, karibu kama anaongea. Aliimba Kisukuma, mimi nawapa kwa Kiswahili. Aliuliza: Kamanda, mtaalamu wa njia, hebu tuonyeshe njia ya vita, lakini kwanza tuonyeshe njia waliyopita ng'ombe wako. Zizi la Malongo linaonekana kutoka uwanjani. Watu wakageuza shingo wote pamoja. Zizi lilikuwa tupu. Ng'ombe wake alikuwa ameshawapeleka kwa shemeji yake kule Nkoma, mbali na mishale. Kicheko kilianzia nyuma kwa wanawake. Akauliza na mwanao mkubwa yuko wapi, akajijibu: yuko Mwanza, anauza makava ya simu, anapigana na bei. Na wachezaji wake wakaitikia kiitikio, ambacho kilikuwa kifupi hata mlevi angekishika:

*Tangulia, Kamanda,*
*tangulia, tunakuja.*

Nusu ya watu wa Radi wakawa wanaitikia wimbo wa upande mwingine wakiwa wamesimama upande wake. Ndipo Mama Ng'washi akaacha utani. Akaimba: Ngasa ametangulia. Kamanda, ulisema ulikuwa nyuma yake. Anakusubiri njiani, peke yake. Mbona hujafika?

Hata ngoma za Radi zikapungua. Mama yake Ngasa akainuka. Akabeba kigoda chake mwenyewe, akavuka uwanja, akakiweka mbele ya Mama Ng'washi, akaketi. Hakulia. Alihama tu. Na watu wakahama nyuma yake, kwanza wachache wakijifanya wanatafuta kivuli, halafu wote.

Walibaki wapiganaji, kama thelathini hivi, na Doto katikati yao ameweka uso wa chuma. Nikamwona Mama Ng'washi anageuka upande wake. Nikashika waya bila sababu, kama siku yangu ya kwanza.

Akaimba: kuna mwanamume pale, mgongo wa dada yake ulimbeba na betri kichwani. Alipojua kutembea akakataa kushuka. Sasa amekua, anataka kubebwa tena. Dada, mgongo bado upo? Safari hii analetwa kwenye machela, na hatakuuliza chakula.

Ilifuata ile ya kitandani, na uwanja mzima ulimjua ni nani. Doto aliniangalia. Sijawahi kuangaliwa vile na mtu niliyemlisha. Akaenda kwenye mgunga, akachukua upinde wake. Akaushika kama mtu ashikavyo jembe baada ya kazi, akaondoka kuelekea kwake. Wawili wakamfuata kabla nao hawajaimbwa.

Malongo akaona jeshi linavuja. Akaingia kwenye duara la Radi, akamnyang'anya maiki. Spika ilikuwa wazi, safi, ya kufika kisimani. Akapiga mwano, kisha akapaza sauti:

"Twendeni!"

Na uwanja wote, wanaume, wanawake, hata Radi mwenyewe, ukajibu kwa sauti moja:

"Tangulia, Kamanda!"

Alitangulia. Ilibidi. Alitembea akiwa na koti lake mpaka mwisho wa uwanja, akageuka. Tulikuwa tumesimama pale pale tunamtazama kwa heshima zote. Akatembea tena kidogo, akageuka tena. Kisha akakata kushoto, njia ya kwake, kwa mwendo wa mtu aliyekumbuka kitu jikoni.

Vita viliishia hapo. Baadaye maofisa walikuja wakapima lambo, wakasimika kigingi katikati, na mbuzi wa pande zote mbili wanajikunia hapo mpaka leo. Mama yake Ngasa hakupata kitu chochote. Hilo wimbo haukuliweza, na Mama Ng'washi hakuwahi kudai uliliweza.

Mzee Shabani nilipomsimulia aliuliza jambo moja tu: "Spika zilikuwa sawa?" Nikasema sawasawa. Akarudi kwenye vipuri vyake.

Mtasikia kwenye semina kwamba muziki unazuia vita. Mimi nimewauliza wanaume wa Juu, mmoja mmoja, miaka yote hii, kwa nini hawakwenda Chini siku ile. Mmoja baiskeli yake ilipata pancha, na njia yenyewe ni ya kutembea kwa miguu. Mwingine jino lilimuuma. Radi alikauka koo. Doto anasema ng'ombe wake alikuwa anazaa. Katika kijiji kizima hakuna mwanamume hata mmoja aliyezuiwa na wimbo. Kwa hiyo msitegemee kushukuriwa. Fungeni spika zenu vizuri, wote wasikike, na mkiletewa wimbo wa amani angalieni kwanza nani anaucheza.

Doto hakunisalimia kwa misimu miwili ya pamba. Sasa ananisalimia, kwa ufupi. Nimeacha kazi, kwa hiyo mara nyingi niko kwake, na asubuhi akikamua maziwa namsikia anaimba polepole, akidhani nimelala. Ni wimbo wa Mama Ng'washi, na anaujua wote. Akifika kwenye ubeti wake anakohoa, anauruka, anaendelea na wa Kamanda.

Namwacha akohoe. Ngasa hakohoi.